KUWAFUNZA WATOTO UKWELI

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Mtoto ni amana ya Mwenyezi Mungu mikononi mwa wazazi wake. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka wa 505 wa Hijra (1111), ameeleza katika Ihya kuwa moyo wa mtoto ni mfano wa johari safi isiyotiwa nakshi, nao hupokea kila itiwayo. Akizoezwa kheri, wazazi hushiriki katika thawabu zake. Akipuuzwa, mlezi hushiriki katika dhambi.

Wako Waislamu wadhanio kuwa haki hii imetimia mtoto apelekwapo chuoni. Chuo ni jambo tukufu, kwani huko hufunzwa herufi na juzuu za Qurani. Walakini mwalimu huwa naye saa chache tu. Saa zilizobakia mwalimu wake ni baba yake, ajue asijue.

Na utazamwe mfano huu. Mtu adaiwa fedha za duka. Mwenye kudai yuaja, apiga hodi. Baba, hali ameketi ndani, amwambia mwanawe wa miaka mitano: "Kamwambie baba hayupo." Mtoto aenda, asema kama alivyoagizwa, na mgeni arudi zake. Siku hiyo mtoto amejifunza mambo matatu: kuwa uwongo wafaa, kuwa hauna adhabu, na kuwa baba ndiye aliyeuamrisha. Juma la pili mtoto asema alikuwa chuoni, kumbe alikuwa akicheza pwani. Baba atwaa bakora. Je, ampiga kwa kosa la nani?

Abu Daud amepokea khabari ya Abdullahi bin Amir, kuwa alipokuwa mdogo mama yake alimwita aje ampe kitu. Mtume (S.A.W.) alikuwa ameketi nyumbani mwao, akamuuliza mama huyo alikusudia kumpa nini. Akajibu kuwa ni tende. Mtume akamwarifu kuwa lau asingalimpa kitu, angaliandikiwa uwongo. Basi ikiwa kumwita mtoto kwa ahadi tupu ni uwongo, itakuwaje hali ya mwenye kumtuma mtoto akaseme uwongo kwa ajili yake?

Na njia ya kurudi mtoto pia imefunzwa. Umar bin Abi Salama alilelewa nyumbani kwa Mtume, na alipokuwa akila mkono wake ulizunguka sahani nzima. Mtume hakumpiga wala hakumfedhehi. Alimfunza kulitaja jina la Mwenyezi Mungu, kula kwa mkono wa kulia, na kula kilicho mbele yake. Umar alikula hivyo tangu siku ile. Kadhalika Ghazali ameusia kuwa mtoto akikosea mara moja, khasa akijificha kwa haya, asifunuliwe. Akirudia, na aonywe faraghani. Wala asilaumiwe kila saa, kwani lawama ikizidi moyo huizoea. Na atendapo jema, na asifiwe mbele ya watu.

Basi baba asiye na fedha na aende mwenyewe mlangoni, mwanawe akiona, aombe muhula. Kwani Qurani (2:280) imeamrisha mdaiwa mwenye dhiki angojewe hadi apate wasaa. Aibu yake ni ya saa moja, na somo alipatalo mwanawe ni la umri mzima.

Wallahu aalam.