Mgeni wa Chuo, Mpangaji wa Temeke

Usilipie chumba cha Dar es Salaam ukiwa bado Bujumbura, Goma au Moroni. Picha utakazotumiwa kwa WhatsApp zitapendeza, dalali atakuwa mpole kuliko mjomba wako, na pesa ikishatumwa simu yake haitapatikana. Wiki za mwanzo lala hosteli ya chuo kama kuna nafasi, au kwa ndugu, au gesti, kisha tafuta chumba kwa miguu yako mwenyewe. Siku chache za gesti ni nafuu kuliko kodi ya nusu mwaka iliyotapeliwa.

Nasema nusu mwaka kwa sababu ndivyo wenye nyumba wengi wanavyotaka: miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka mzima. Ya miezi mitatu hupatikana kwa kubembeleza. Dalali naye huchukua kodi ya mwezi mmoja, na wapo wanaodai hela ya kukuzungusha hata kabla hujaona mlango. Tuseme chumba ni shilingi 80,000 kwa mwezi. Miezi sita ni 480,000, ongeza 80,000 ya dalali, unakuwa umetoa 560,000 kabla hujanunua godoro wala mtungi mdogo wa gesi. Bajeti uliyoandikiwa na mzazi nyumbani mara nyingi haina fungu hilo, kwa hiyo mwambie mapema.

Kabla ya kutoa hela, onana na mwenye nyumba mwenyewe. Si mpangaji anayehama, si "mdogo wake" aliyeachiwa funguo. Andikishaneni mkataba, na mkiweza fanyeni hivyo mbele ya ofisi ya serikali ya mtaa. Hapo unaua ndege wawili kwa jiwe moja: unapata shahidi, na mwenyekiti wa mtaa anakujua sura. Jitambulishe pia kwa mjumbe wa nyumba kumi. Kwa mgeni kutoka nje ya nchi hili si adabu tu. Siku ukihitaji barua ya utambulisho, au ukiibiwa, au watu wakianza kuuliza yule kijana asiyejulikana anafanya nini pale uani, hao ndio watakaokusemea.

Sasa, upange wapi? Wageni wengi hukimbilia Sinza kwa kuwa ndilo jina walilolisikia. Kwa anayesoma Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au Chuo Kikuu cha Ardhi ni sawa, ingawa Changanyikeni na Makongo ni karibu zaidi na kumetulia. Lakini DUCE, chuo kishiriki cha elimu, kiko Chang'ombe wilayani Temeke. Chuo cha Diplomasia, kilichoanzishwa na Tanzania na Msumbiji mwaka 1978, kiko Kurasini, nako ni Temeke. Anayesoma huko akipanga Sinza atakuwa analipa nauli na usingizi bila sababu. Keko, Mtoni na Temeke yenyewe pana vyumba, soko la Tandika liko jirani kwa ndoo, sufuria na mitumba, na mama lishe hawakosekani. Usumbufu wa Chang'ombe ni mmoja: Uwanja wa Mkapa uko pale pale, na timu za Simba na Yanga zikikutana, barabara zote za eneo hilo hujaa foleni. Siku hiyo nunua mboga mapema ujifungie na vitabu. Au nenda uwanjani.

Mbagala kodi ni ya chini, ila kwa anayevuka jiji kwenda Mlimani unafuu wote unaishia daladalani. Kabla hujaamua, panda gari la kwenda chuo kutoka mtaa huo Jumatatu saa 12 asubuhi. Usijaribu Jumapili mchana. Na usitegemee nauli ya denti, ile nafuu ya wanafunzi; hiyo ni ya watoto wenye sare.

Kuna jambo ambalo dalali hatakuambia kamwe. Utafika Oktoba, ardhi ikiwa kavu, na chumba cha bondeni kitaonekana baridi na cha bei nzuri. Masika ya Machi hadi Mei ndiyo huonyesha ukweli. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwahamisha watu wa bonde la Msimbazi hadi Mabwepande, na vuli kumbe nayo ina nguvu zake. Tazama ukuta kama una mstari wa tope, angalia kama mlango una kizingiti kirefu cha saruji, kisha muulize mwenye genge wa jirani, si mwenye nyumba, maji hufika wapi.

Ndani ya nyumba ugomvi mkubwa huwa ni umeme. Mita ya LUKU ikiwa moja kwa vyumba sita, ulizia mapema mnachangiaje, na mwenye friji anaongeza kiasi gani. Ulizia zamu za kufagia uwanja na kuosha choo, uzishike bila kukumbushwa. Na ukitoka asubuhi, mwamkie mama mwenye nyumba shikamoo, umngoje akuitikie ndipo upite. Vijana wa Nairobi hili huwa zito kwao mwanzoni. Lizoee. Mama huyo ndiye atakayekupokelea mgeni ukiwa darasani na kukuvumilia kodi ikichelewa.

Karatasi zisingoje. Mwanafunzi wa kigeni anahitaji kibali kutoka Uhamiaji, na ofisi ya wanafunzi chuoni ndiyo pa kuanzia. Vyeti vya sekondari vya nje hulinganishwa na Baraza la Mitihani, NECTA. Anza kazi hiyo kabla hujasafiri. Laini ya simu isajili kwa pasipoti yako. Usikubali ya mtu mwingine, maana pesa zako zote zitapita humo.

Darasani kuna mtego kwa wanaotoka Kongo na Burundi. Mtaani Kiswahili chako kitakubeba, na utajiona umeshafika. Mihadhara na mitihani ni Kiingereza. Aliyesoma kwa Kifaransa asingoje sapu, yaani mtihani wa marudio, ndipo ashtuke: wiki ya kwanza tafuta kundi la kusomea, kaeni vimbwetani, kwenye meza za nje, eleza kwa Kiingereza chako kibovu mlichofundishwa asubuhi. Madesa, yaani nakala za masomo, ya mwaka jana yanasaidia kujua mwalimu hupenda kuuliza nini, lakini anayeyakariri tu hudisko, yaani huondolewa chuoni. Nawashauri pia wasijifungie na wa kwao tupu. Kundi la Wakongo watano huongea Kifaransa, haliepukiki.

Na bumu, yaani mkopo wa serikali, si la mgeni. Likitoka, wenzako watakula kuku wiki mbili, kisha watarudi kwenye wali maharage mlipokuwa pamoja. Usishindane nao katika wiki hizo mbili.

Mwisho wa mwaka, kabla hujapanda basi la kurudi nyumbani, angalia tarehe ya kibali chako, mpe mwenye nyumba siku utakayorudi na sehemu ya kodi inayofuata kama unayo. Chumba kilichofungwa miezi mitatu bila taarifa, Temeke hupangishwa.