Fahamu Mto Tana: Safari ya Maji Kutoka Nyanda za Juu hadi Kipini

Mto Tana ndio mrefu zaidi nchini Kenya, ukiwa na takriban kilomita 1,000. Ingawa Kaunti ya Tana River imepewa jina lake, maji mengi ya mto huo hutoka mbali: milima ya Aberdare na Mlima Kenya. Ndiyo maana mafuriko yanaweza kufika Hola au Garsen hata kama hapa hakujanyesha.

Chanzo

Vijito vya milimani huungana na kuunda mito kama Sagana, Mathioya, Chania, Thika na Thiba. Huko mvua ni nyingi, na mashamba ya miteremkoni yasipohifadhiwa, udongo husombwa mtoni. Rangi ya kahawia ya maji ya Tana inatokana na udongo huo.

Mabwawa

Kati ya Embu, Machakos na Kitui mto unapita katika mabwawa matano ya kuzalisha umeme: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Masinga, lililokamilika mwaka 1981, ndilo kubwa zaidi na ndilo la kwanza kupokea maji. Mabwawa hupunguza nguvu ya mafuriko ya kawaida na pia huzuia sehemu ya udongo wenye rutuba. Lakini yakijaa, maji ya ziada hupita juu na kuteremka kwa wakazi wa chini.

Nyanda kavu

Baada ya Kiambere, mto unazunguka kuelekea kaskazini-mashariki, ukitenganisha Mbuga ya Meru na ile ya Kora, kisha unageuka kusini kupitia Garissa, Bura na Hola. Kuanzia Garissa kwenda chini, hakuna kijito cha kudumu kinachouongezea maji. Kuna malaga tu, ambayo hutiririka wakati wa mvua. Ardhi ni tambarare, kwa hivyo mto hupinda na hata kuhama njia. Wakulima hupanda kandokando yake, nao wafugaji hunywesha mifugo kupitia malka.

Delta na bahari

Kuanzia Garsen mto unatawanyika na kuunda delta, iliyotambuliwa mwaka 2012 kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa. Mafuriko ya kiasi hujaza maziwa ya samaki kama Shakababo na kustawisha malisho. Mto unaingia Bahari Hindi karibu na Kipini. Maji yake yakipungua, ya chumvi hupanda mtoni na kuharibu mashamba ya mpunga, kama wanavyojua wakulima wa Ozi.

La kuzingatia

Msimu wa mvua, wakazi wa kando ya mto wasitegemee kutazama mawingu ya hapa pekee. Wafuatilie habari za mvua ya nyanda za juu na tahadhari kuhusu kujaa kwa Masinga. Maji huchukua siku kadhaa kufika. Siku hizo zitumike kuhamisha watoto, wazee, mifugo na chakula hadi sehemu zilizoinuka.