Insulini, Seli na Kazi ya Jembe

Mgonjwa wa kisukari anayejidunga insulini asubuhi, kisha akashinda akilima katika vilima vya Tarime au akitembea kwa miguu hadi Mugumu, wilayani Serengeti, sukari yake yaweza kushuka mno ingawa hakuzidisha dawa. Sababu imo ndani ya seli.

Insulini haibebi sukari. Hujishikiza kwenye kipokezi kilichomo katika utando wa seli. Kipokezi hicho hujibandika fosfeti, kisha hubandika nyingine kwenye protini zilizo jirani. Ujumbe hupokezanwa hivyo mpaka vipitishi vya glukosi, viitwavyo GLUT4, vitoke ndani ya seli za misuli na mafuta na kufika kwenye utando. Ndipo glukosi huingia.

Amri hiyo ina kikomo. Vimeng'enya maalumu hubandua fosfeti, na kipokezi chenyewe huvutwa ndani ya seli. Lakini mafuta yanapolundikana katika misuli na ini, ujumbe huzuiwa hata insulini ikiwa nyingi. Huo ndio usugu wa insulini, ambao ni kiini kimojawapo cha kisukari cha aina ya pili.

Misuli inayofanya kazi ina njia nyingine: kujikunja kwake huleta vipitishi kwenye utando bila kungoja insulini. Kazi ikiisha, misuli huendelea kuitikia insulini vyema kwa saa nyingi. Ndiyo maana sukari huweza kushuka hata usiku, mkulima akiwa amelala. Jembe basi husaidia tiba, ila likikutana na sindano pasipo chakula cha kutosha huleta hatari.

Mhudumu wa zahanati amwulize mgonjwa kazi atakazofanya kesho, si chakula alichokula jana tu. Mgonjwa ale kabla ya kwenda shambani, achukue sukari, na awafundishe wenzake dalili: kutetemeka, jasho, njaa ya ghafla na kuchanganyikiwa. Dalili zikitokea, au kipimo kikiwa chini ya milimoli 3.9 kwa lita, anywe maji yenye vijiko vinne vya chai vya sukari, apimwe tena baada ya dakika 15, kisha ale. Aliyezimia asinyweshwe kitu. Alazwe ubavu na apelekwe hospitali mara moja.

Wala asiache insulini kwa hofu. Kinachobadilishwa ni kiasi cha dawa na saa za kula, kwa ushauri wa mtaalamu.