Nyaraka za Wazee wa Kanisa na Hoja ya Nicaea

Himidi zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Imezoeleka barazani, Muislamu akijadiliana na Mnasara, kusema ya kuwa Manasara wa kwanza hawakumwita Nabii Isa (A.S.) Mungu hata siku moja, mpaka maaskofu walipokutana katika mji wa Nicaea mwaka 325 miladi, ndipo wakamfanya Mungu kwa kura. Maneno haya hupendeza masikioni, lakini si sahihi. Mwenye kuyasema mbele ya mtu aliyesoma hufedheheka, na haki aliyokuja nayo hudhaniwa batili pamoja naye. Basi yapasa kujua nyaraka za kale zasemaje.

WARAKA WA ROMA. Mnamo mwaka 96, kanisa la Roma liliwaandikia watu wa Korintho, ambao wamewaondoa wazee wao katika kazi. Waraka huo wajulikana kwa jina la Clement. Mwishoni mwake mna dua ndefu. Aombwaye ni Mungu Mmoja, na Isa hutajwa humo kwa neno la Kiyunani lenye maana mbili, mtumishi na mtoto.

NYARAKA ZA IGNATIUS. Huyu alikuwa askofu wa Antiokia, nchi ya Shamu. Alikamatwa zama za Kaisari Trajan, aliyetawala tangu 98 hata 117, akachukuliwa na askari kwenda Roma kuuawa. Njiani aliandika nyaraka saba. Humo humwita Isa Mungu, waziwazi, wala si mara moja. Tena huwaonya watu na kundi lililosema ya kuwa Isa hakuteswa ila kwa kuonekana tu. Kundi hilo lisidhaniwe ni Waislamu: wao waliukana mwili wake, na sisi twaamini ya kuwa alikuwa mtu wa kweli, akila chakula, yeye na mama yake.

SUALI: Ikiwa neno hilo lilitangulia Nicaea kwa miaka mia mbili, waligombania nini huko?

JAWABU: Arius, kasisi wa Iskandaria, alisema ya kuwa Mwana ameumbwa, na Mungu peke yake ndiye asiye na mwanzo. Askofu wake, Alexander, akamkataa. Kaisari Constantine akawakusanya maaskofu, nao wakaandika ya kuwa Mwana ni wa dhati moja na Baba. Neno hili la dhati moja halimo katika Injili zao. Eusebius, askofu wa Kaisaria ya Palestina, aliwaandikia watu wake waraka kuwaeleza kwa nini amelikubali. Na khabari ya Roho ilibaki mpaka baraza la Constantinople, mwaka 381.

SUALI: Je, kauli ya Ignatius, kwa ukale wake, si hoja juu yetu?

JAWABU: Sivyo. Mwanafunzi wa madrasa ajua ya kuwa kauli ya Tabii, hata akiwa mcha Mungu, haiwi Hadithi ya Mtume mpaka ithibiti kwa isnadi. Ignatius hakuwa nabii, wala hakumwona Isa akifundisha. Ukale wa neno ni dalili ya kuwa lilisemwa zamani; si dalili ya kuwa ni kweli.

FAIDA. Muislamu na aiache hoja ya tarehe, ashike hoja iliyo imara: ya kuwa itikadi hii ilijengwa kwa nyaraka na mabaraza, daraja baada ya daraja, kwa maneno ambayo Isa mwenyewe hakuyafundisha, na wazee wao wenyewe wakigombana juu yake. Tauhidi haihitaji kutegemezwa kwa khabari isiyo sahihi. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Sura ya Al-Maida, aya ya 8, tufanye uadilifu hata kwa watu tuwachukiao; na katika Al-Ankabut, aya ya 46, tusijadiliane na Watu wa Kitabu ila kwa njia iliyo njema. Na kumzulia mtu asilolisema si uadilifu, wala si njia njema.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.