Kachchh: Kuingia Karakana za Ajrakh kwa Adabu

Ukifika Bhuj, katika wilaya ya Kachchh jimboni Gujarat, India, usianzie madukani. Kodi bajaji ikupeleke Ajrakhpur, mwendo wa kilomita kama 15, ukaone ajrakh, kitambaa kinachochapwa kwa mkono kwa chapa za mbao, kinavyotengenezwa kabla hujaulizia bei.

Kijiji hiki kilianzishwa baada ya tetemeko la Januari 26, 2001. Wachapaji wa jamii ya Khatri walikuwa wakiishi kijiji cha Dhamadka. Mto wao ulikauka, na baada ya tetemeko maji ya visima yakazidi kuwa na madini ya chuma, yakawa yanaharibu rangi. Baadhi ya familia zikahamia hapa. Kwa hiyo swali la kwanza kuuliza kwenye karakana yoyote ni la maji: yanatoka wapi, na yakishatumika yanamwagwa wapi? Fundi anayejali kazi yake hukujibu kwa kukuonyesha.

Omba kutazama hatua zote. Kitambaa hufuliwa, kikalowekwa katika mafuta ya mbarika, magadi na samadi ya ngamia, kisha kikaanikwa juani. Hutiwa unga wa tunda chungu liitwalo harde. Halafu chapa za mbao ya msaji huanza kugonga: chokaa na gundi mahali patakapobaki peupe, kisha weusi uliopikwa kwa vyuma chakavu vilivyochachushwa na sukari guru, kisha shabu ya kushikia wekundu. Kikitoka kwenye nili huwa kijani, na hewa ndiyo inayokigeuza samawati mbele ya macho yako. Simama hapo, usiharakishe. Shughuli hii huchukua wiki kadhaa, na mawingu yakitanda huchukua zaidi.

Ukishayaona hayo, utaona haya kuvutana bei kama uko mnadani. Binafsi naona mgeni aliyeweza kulipa nauli ya ndege hana sababu ya kumpunguzia mchapaji ujira wake. Jihadhari lakini na ajrakh ya kiwandani. Igeuze na uchunguze mahali chapa zilipokutana: kazi ya mkono huwa na mipishano midogo, ilhali ya mashine hurudiarudia bila kosa. Muuzaji akishindwa kukwambia rangi imetokana na nini, ondoka.

Piga hodi, vua viatu ukiona wenyeji wamevua, na omba ruhusa kabla ya kupiga picha, hasa za michoro mipya. Hiyo ndiyo riziki yao. Ijumaa ni siku ya sala, basi uliza mapema kama karakana itafunguliwa.

Papo hapo Ajrakhpur kuna makumbusho ya darizi ya shirika la Shrujan, lililoanza mwaka 1969 kwa kuwapa wanawake kazi ya kutarizi nyumbani. Kijiji cha Bhujodi ni cha wafumaji. Katika kijiji cha Kukma kuna shirika la Khamir, linaloshughulika na pamba ya kala, pamba ya asili inayokua kwa mvua tu.

Nenda kati ya Novemba na Februari. Mei joto hupita nyuzi 40. Ukibaki na siku moja, shuka Mandvi, bandari ambayo majahazi yake yalikuwa yakija Zanzibar na Mombasa, na ambako bado wanaunda vyombo vya mbao.

Ajrakh uliyonunua ifue peke yake kwa maji baridi, kwani nili huchuja mwanzoni, kisha uianike kivulini.