Niongeze majani mangapi?

SWALI: Fundi, nina Hilux, inavuta tela la mitumba kutoka Kariakoo hadi Morogoro. Nikishapakia, nyuma inakaa na taa zinamulika miti. Mafundi wa Gerezani wananishauri niongeze majani matatu ya springi kila upande. Nikubali?

JIBU: Usikubali bado, mwanangu. Gari likiwa tupu, pima kwa futi kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi, kisha funga tela lenye mzigo upime tena, uone nyuma imeshuka kiasi gani. Shingo ya tela inatakiwa kulalia gari kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela pamoja na mzigo. Tela la kilo 1,000 likuwekee kilo 100 hadi 150. Marobota yakirundikwa mbele, uzito huo unapanda sana, na hakuna springi inayotibu upakiaji mbaya. Yasogeze yakae juu ya ekseli ya tela.

Halafu ingia uvunguni na tochi. Tazama kama majani yamenyooka, au kama kuna ufa mwembamba wenye kutu karibu na tundu la senta bolti. Yakiwa yamechoka, badilisha seti nzima pande zote mbili. Yakiwa mazima, jani moja kila upande linatosha. Ukiweka matatu, ukirudi bila mzigo wakati wa mvua nyuma itarukaruka na tairi zitapoteza mshiko. Tena majani hayaongezi nguvu ya breki wala chasisi, kwa hiyo kikomo cha kuvuta kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari kinabaki palepale.

Ukishafunga, baada ya safari ya kwanza kaza tena nati za springi. Huwa zinalegea.