Kupima Mzigo Kabla ya Kuutwika

Wako wazazi waulizao hivi: “Mwanangu amemaliza kidato cha nne, naye ameshinda vizuri. Je, aingie kidato cha tano kama wenzake, au aingie katika mafunzo yale ya IB, yasemwayo kuwa ni magumu lakini hufungua milango ya vyuo vikuu vya nchi nyingi?” Swali hili si dogo, maana miaka miwili ya kijana ikiisha kupita hairudi. Basi na tulitazame kwa utaratibu.

Kwanza tujue jambo lenyewe. IB, yaani International Baccalaureate, ni chama kilichoanzishwa Geneva, nchi ya Uswisi, mwaka 1968. Mafunzo yake ya Diploma ni ya miaka miwili ya mwisho ya sekondari. Katika Tanzania hufundishwa katika shule chache za kulipa. Mojawapo ni ile ya Moshi, iliyoanzishwa mwaka 1969 kwa ajili ya watoto wa watumishi wa hospitali ya KCMC, nayo tangu mwaka 2019 huitwa UWC East Africa.

Mwanafunzi huchukua masomo sita: lugha na fasihi yake, lugha ya pili, elimu ya jamii kama historia au uchumi, sayansi, hisabati, na sanaa, au badala ya sanaa, somo jingine katika makundi hayo. Kwa kawaida matatu husomwa kwa kina, saa 240 kila moja, na matatu kwa saa 150. Juu ya hayo huandika insha ya utafiti isiyozidi maneno 4,000, hujifunza kuchunguza jinsi watu wapatavyo kujua mambo, tena hufanya kazi za ubunifu, za mwili, na za kuwahudumia watu. Jumla ya alama zote ni 45. Apataye chini ya 24 hapewi Diploma, na hata mwenye 24 yampasa kutimiza masharti mengine.

Kidato cha tano na cha sita, mwanafunzi hushika masomo makuu matatu ya tahasusi yake. Kwa hiyo tusiseme upesi kwamba njia moja ni ya wenye akili na nyingine ni ya wajinga. Moja huchimba visima vichache virefu. Nyingine hulima shamba pana. Yatupasa kuuliza ni ipi imfaayo mtoto huyu, nasi twashauri kupima mambo matatu.

La kwanza, aendako. Tuseme kijana ataka kuwa daktari, naye ataka kusomea udaktari hapa nchini. Vyuo vyetu hutaka fizikia, kemia na biolojia, zote tatu. Lakini katika Diploma ya IB mwanafunzi kwa kawaida hupata nafasi ya sayansi mbili tu. Asipouliza mapema shuleni na chuoni, aweza kumaliza kwa alama nzuri, kisha akakuta mlango umefungwa. Kumbe yule atakaye uchumi, sheria au lugha, pengine upana ule utamfaa sana.

La pili, nguvu zake. Hapa alama za mtihani hazitoshi kutuonyesha. Je, hufanya kazi yake pasipo kusukumwa? Hupenda kusoma na kuandika kwa urefu? Insha ya maneno 4,000 haiandikwi usiku mmoja, na kazi za masomo sita hukutana juma moja. Aliyezoea kushinda kwa kukariri aweza kutikisika. Na mwenye alama za kadiri, ambaye huuliza na kuandika kwa hiari, aweza kustawi. Tena tutazame usingizi na afya yake.

La tatu, mfuko wa nyumbani. Ada ihesabiwe ya miaka miwili, si ya mwaka mmoja, na msaada wa masomo uulizwe kabla ya kuanza. Akatishaye katikati huenda akalazimika kuanza kidato cha tano upya, kwa kuwa masomo ya njia hizi mbili hayalingani.

Iko pia njia ya kati: katika shule nyingine mwanafunzi aweza kusoma baadhi ya masomo ya IB bila Diploma nzima. Lakini kwanza aulize kama chuo akitakacho kitayakubali.

Mwisho twasema neno kwa wazazi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sifa ya shule yaweza kumpendeza baba barazani, lakini atakayekesha na vitabu ni mtoto. Akisema “nataka,” tumsikilize sababu zake. Akisema “siwezi,” tusimwite mvivu kabla ya kumsikiliza vilevile. Kukataa mzigo usiofaa safari si uoga.

Maswali ya kuzungumza nyumbani, mzazi, mtoto na mwalimu wakiwa pamoja:
1. Chuo akitakacho kinataka masomo gani hasa?
2. Ni kazi gani ndefu aliyoimaliza mwenyewe mwaka huu?
3. Ada ya mwaka wa pili itatoka wapi?
4. Kama watu wasingejua ameingia shule gani, je, angechagua lile lile?